Kosa Liko kwenye Ganda

Kati ya vifaa vyote vinavyokaa juu ya meza ya mtu anayejaza risasi zake mwenyewe, hakuna kinacholaumiwa kama koleo la fataki. Fataki ikiingia upande, koleo ni bovu. Ikikataa kuzama, koleo ni bovu. Risasi ikigoma kulia kwenye uwanja wa shabaha, mwenyewe anarudi nyumbani akipiga hesabu ya koleo jingine la bei ya juu zaidi. Huko Marekani, ambako wawindaji na walenga shabaha wa kawaida wamekuwa wakijaza risasi nyumbani kwa vizazi kadhaa, makampuni ya vifaa hivi hayakosi wateja wa namna hiyo. Sura hii inamtetea mshitakiwa. Hoja yangu ni kwamba koleo la mkono, mara nyingi, si mkosaji bali ni shahidi: linatoa taarifa sahihi kuhusu hali ya ganda, na mtu anayelitupa kwa sababu ya taarifa hiyo hajaondoa tatizo lolote.

Tuanze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa hatuwezi kugawa lawama. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, baruti ndani yake, kichwa kinachoruka, na fataki iliyopachikwa kitakoni. Baada ya mlio, baruti imeungua, kichwa kimekwenda zake na fataki imekufa. Ganda ndilo linalobaki, nalo ndilo lenye gharama kubwa kulitengeneza. Anayejaza upya huitoa fataki iliyokufa, hulirudisha ganda kwenye vipimo vyake, hupachika fataki mpya, hupima baruti, kisha huweka kichwa. Upachikaji wa fataki unaweza kufanywa kwenye mashine ya mezani, lakini wengi hupendelea koleo: kifaa cha kushika mkononi chenye kisahani cha fataki juu, kishikio kinachobana ukingo wa ganda, na wenzo ambao ukiuminya unainua kisukumio chembamba na kuisukuma fataki iingie kwenye kishimo chake. Fataki yenyewe ni kikombe kidogo cha chuma laini. Ile ndogo ina kipenyo cha milimita 4.45 na ile kubwa milimita 5.33, na ndani yake kuna kemikali ya kulipuka isiyofika sehemu moja ya kumi ya gramu. Juu ya kemikali hiyo limekaa fuawe, kipande kidogo cha chuma chenye miguu. Pini ya bunduki ikigonga kitako cha kikombe, kemikali husagwa kati ya kikombe na fuawe, huwaka, na mwali hupenya kwenye kitundu kuifikia baruti. Lakini fuawe haliwezi kupokea pigo likiwa linaelea. Ni lazima miguu yake ikanyage sakafu ya kishimo, tena kwa mkazo kidogo. Kwa hiyo fataki iliyopachikwa vizuri haichomozi hata chembe. Hukaa sawasawa na kitako cha ganda au chini yake kidogo, kina kisichozidi takribani milimita 0.2. Ugomvi wote tunaouzungumzia unatokea ndani ya nafasi hiyo isiyofika unene wa kadi ya simu.

Kwamba kitu kidogo hivi kinabeba uzito mkubwa hivi, historia imelithibitisha zaidi ya mara moja. Mwaka 1800 Edward Howard, mkemia wa Uingereza, alieleza chumvi ya zebaki inayolipuka kwa kugongwa, na mwaka 1807 mchungaji wa Scotland, Alexander Forsyth, akapata hataza ya kuitumia kuwashia bunduki. Ndani ya miongo michache gumegume, iliyotegemea cheche za jiwe na kushindwa na mvua, ikaanza kupitwa na bunduki ya fataki. Afrika Mashariki ilihisi tofauti hiyo katika biashara na katika vita. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipozuia silaha kuingizwa Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, haukufunga mlango wote. Uliacha nafasi kwa gumegume zisizo na mikunjo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, na ukabana bunduki za kisasa na risasi zake kamili. Wakubwa walioutia saini mkataba huo walijua vizuri kwamba mwenye baruti na jiwe hawezi kushindana na mwenye ganda na fataki.

Jambo lingine la historia linaeleza kwa nini kazi hii ilikita mizizi Marekani kuliko barani Ulaya. Mwaka 1866 watu wawili walipata hataza za fataki za risasi za kisasa. Hiram Berdan, Mmarekani, aliliweka fuawe kwenye ganda lenyewe kama kinundu katikati ya kishimo, na vitundu viwili vya moto pembeni yake. Edward Boxer, ofisa wa jeshi la Uingereza, aliliweka fuawe ndani ya fataki na kutoboa kitundu kimoja katikati. Mambo yakageuka: mfumo wa Mmarekani ukatawala majeshi ya Ulaya, na ule wa Mwingereza ukatawala Marekani. Kitundu cha Boxer kinapitisha pini nyembamba inayoisukuma fataki mfu itoke, na kazi imekwisha. Ganda la Berdan halina njia hiyo. Pini hugonga kinundu na kuvunjika. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mjini New Haven, Connecticut, na makoleo yake ya kujazia risasi yaliwafikia wawindaji waliokuwa mbali na duka lolote. Ukililinganisha koleo la fataki la leo na yale ya Barlow, kanuni ni ileile: kiganja, wenzo, kisukumio. Kifaa chenye kanuni iliyofanya kazi zaidi ya karne nzima hakistahili kuwa mshukiwa wa kwanza.

Hata hivyo umri si ushahidi wa kutosha, kwa hiyo twende kwenye hoja yenye nguvu zaidi. Koleo ni moja. Maganda ni mamia. Kasoro ya koleo haina sababu ya kubagua: kisukumio kikiwa kimepinda, kitapinda kwa ganda la kwanza, la kumi na la mia. Kasoro inayokuja na kuondoka, ikapita maganda manane na kukamata la tisa, haiwezi kutokana na kitu ambacho hakikubadilika kati ya la nane na la tisa. Kilichobadilika ni ganda, au fataki, na fataki hutoka kiwandani kwa vipimo vinavyokaribiana mno. Jaribio la kulithibitisha hili halihitaji maabara. Maganda yaliyokataa yatengwe, halafu koleo lilelile na fataki za boksi lilelile vijaribiwe kwenye maganda mapya ya kiwanda kimoja. Yakipokea bila matata, koleo limeachiwa huru. Kisha yale yaliyotengwa yageuzwe na kusomwa maandishi ya kitakoni. Aghalabu yatakuwa ya ukoo mmoja: ya kiwanda fulani, ya mwaka fulani, au yenye alama ya msalaba ndani ya duara, ambayo ni alama ya risasi za NATO.

Alama hiyo inatupeleka kwa mkosaji mkubwa kuliko wote. Majeshi huogopa fataki kuchomoka ganda linapofyatuliwa katika bunduki inayojipakia yenyewe, kwa sababu fataki iliyodondoka ndani ya mitambo inaweza kuifunga bunduki vitani. Kwa hiyo viwanda vya kijeshi, baada ya kupachika fataki, huuminya mdomo wa kishimo uikumbatie. Wengine hubana mduara mzima, wengine hupiga vidonda vitatu au vinne pembezoni. Ganda la namna hiyo likifyatuliwa na kuokotwa, fataki mfu hutoka kwa kusukumwa kwa nguvu, lakini ule mbano hubaki. Fataki mpya inafika mlangoni na kukuta mlango mwembamba kuliko yenyewe. Hapo ndipo mkono unapohisi ukuta. Fataki inaweza kuingia ikiwa imeinama, inaweza kunyolewa ukingo mmoja, inaweza kubondeka kikombe kizima. Maganda ya 5.56 kutoka kiwanda cha Lake City kule Missouri yamejaa kwenye viwanja vya shabaha vya Marekani, na kwa kuwa yanafanana kwa umbo na yale ya kiraia ya .223, huchanganyikana nayo katika ndoo moja. Mwenye ndoo hiyo atakuwa na siku nzuri na siku mbaya, na kila siku mbaya atalitazama koleo kwa jicho la chuki. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Dawa ya mbano ni kuuondoa, ama kwa kuukata kwa kichokonoo cha chuma ama kwa kuisukuma shaba irudi nyuma kwa kifaa cha kutanulia. Mimi naona kutanua ni salama zaidi kwa mkono usio na uzoefu, kwa sababu kukata kunakwenda haraka na shaba iliyokwisha kukatwa hairudi. Mdomo uliokatwa kupita kiasi unageuka kuwa faneli: fataki inaingia kirahisi, koleo linasifiwa, halafu risasi ikifyatuliwa hewa ya moto inapenya pembeni ya fataki na kuunguza uso wa komeo la bunduki. Huu ni mfano wa tatizo linalohama kutoka kwenye meza hadi kwenye silaha, mahali ambapo ni hatari zaidi. Anayelitibu koleo badala ya ganda hufanya uhamisho wa aina hiyohiyo bila kujua.

Wapo wakosaji wadogo. Masizi ya fataki ya zamani hujilimbikiza kwenye sakafu ya kishimo, na baada ya kufyatuliwa mara kadhaa bila kusafishwa yanaweza kuizuia fataki mpya isifike chini. Kitu cha kusafishia maganda, chembe za bunzi la mahindi au pini ndogo za chuma, hunasa kwenye kitundu cha moto. Ganda la .45 linaloonekana sawa na wenzake linaweza kuwa na kishimo kidogo badala ya kikubwa, kwa sababu baadhi ya viwanda vya Marekani vilibadilisha, hasa katika risasi zenye fataki zisizo na madini ya risasi. Hapo koleo litakwama kabisa, na ni vizuri likwame. Ila kosa linalostahili kukaliwa ni lile la kuchanganya fataki. Fataki kubwa ya bunduki na fataki kubwa ya bastola zina kipenyo kimoja, kwa hiyo koleo linazipokea zote mbili bila ubishi. Tofauti yao ni kimo. Viwango vya Marekani vinavyosimamiwa na SAAMI, taasisi ya viwanda vya silaha na risasi iliyoanzishwa mwaka 1926, vinakipa kishimo kikubwa cha bunduki kina cha milimita 3.18 hadi 3.35, na kile cha bastola milimita 2.97 hadi 3.12. Ukiweka fataki ya bunduki katika ganda la bastola itachomoza hata ukiminya mpaka kiganja kiume, kwa sababu imekwisha kufika sakafuni. Koleo halijashindwa kazi. Limeifikisha fataki mahali pa mwisho panapowezekana, na aliyekosea ni aliyefungua boksi.

Hapa msomaji ana haki ya kupinga. Atasema vyuma huchakaa, na hakuna koleo lisilokufa. Ni kweli, tena makoleo mengi ya bei nafuu yana kiungo cha wenzo kilichotengenezwa kwa aloi ya kumiminwa, na kiungo hicho hupasuka. Springi ya kurudisha kisukumio hulegea, kisukumio kikabaki juu na kuizuia fataki inayofuata. Uso wa kisukumio huweza kuchimbika na kuacha alama kwenye kila fataki. Kishikio cha ganda cha kampuni moja kinaweza kukaa vibaya katika koleo la kampuni nyingine, na hata kile sahihi kikiwa na chembe ya shaba kwenye mfereji wake hulishikilia ganda likiwa limeinama. Kisahani kikishikwa wima au bapa mno, fataki hufika mdomoni zikiwa zimelala ubavu au zimepinduka kichwa chini. Sikatai hata moja ya hizi. Lakini zitazameni tabia zao: karibu zote hujitokeza kwa utaratibu. Alama ya kisukumio ipo kwenye kila fataki, mahali palepale. Kishikio kisicho sawa huinamisha kila ganda upande uleule. Wenzo uliopasuka hauhitaji uchunguzi. Ubaguzi pekee wa kweli ni fataki zinazopinduka, kwa sababu zinategemea mkono unavyokitikisa kisahani, na hilo linaonekana kwa macho kabla wenzo haujaminywa, kwa yule anayetazama. Kwa hiyo pingamizi hili haliiangushi hoja. Linatupa kipimo cha kutenganisha makosa. Kosa la kila mara litafutwe kwenye koleo. Kosa la mara mojamoja litafutwe kwenye ganda.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa watu wa vitendo. Wanasema: ikiwa kishimo kinabana, tumieni mashine ya mezani, wenzo wake mrefu utaisukuma fataki hadi chini na mambo yatakwisha. Mambo hayaishi. Wenzo mrefu unaongeza nguvu na kupunguza habari. Mkono ulioshika koleo unahisi hatua tatu tofauti: fataki inapogusa mdomo, inapoteleza kwenye kuta, na miguu ya fuawe inapokanyaga sakafu. Kwenye mashine kubwa hatua hizo huyeyuka kuwa msukumo mmoja, na fataki iliyobondwa na mbano huonekana imepachikwa kumbe kemikali iliyo ndani imepasuka. Tena kuna hali ambayo nguvu haiwezi kuigundua kamwe, nayo ni kishimo kilicholegea. Ganda lililopigwa na shinikizo kubwa mara nyingi hutanuka kitakoni, na fataki huteleza ndani bila ukinzani. Mashine hailalamiki. Koleo la mkono nalo halilalamiki, ila kiganja kinagundua mara moja kwamba kitu kilichopaswa kupinga hakikupinga. Ganda hilo ni la kutupwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kuu ya kuwa na koleo la mkono. Kasi, ambayo matangazo ya biashara huisifia, ni jambo la pembeni.

Kuna anayedai kwamba hisia ya kiganja si kipimo: mikono inatofautiana, na mkono uleule asubuhi si mkono wa jioni. Nakubaliana naye nusu. Kiganja hakiwezi kusema milimita 0.1 wala 0.2, na anayejigamba kwamba anaweza asiaminiwe. Kina kinapimwa kwa geji, au kwa kulisimamisha ganda juu ya kioo bapa na kuona kama linayumba. Lakini kiganja kina uwezo mwingine: kulinganisha. Kinajua kwamba ganda hili si kama lile lililotangulia, na kwa utafutaji wa kasoro tofauti hiyo ndiyo inayotakiwa kwanza. Kipimo kinafuata ili kuithibitisha. Anayetumia geji peke yake atajua kwamba fataki imekaa mahali pake, hatajua ilifikaje hapo, kwa kuteleza au kwa kubondwa.

Ushahidi mwingine unapatikana kwenye uwanja wa shabaha. Risasi iliyogoma ikipigwa na pini mara ya pili na kulia, wengi husema fataki ilikuwa ngumu au springi ya bunduki imechoka. Inawezekana. Lakini maelezo yanayokubaliana zaidi na muundo wa fataki ni kwamba haikuwa imefika sakafuni. Pigo la kwanza lilitumika kuisukuma chini, nguvu ikaishia kwenye safari. Pigo la pili likakuta fuawe limesimama imara na kemikali ikasagwa kama inavyotakiwa. Kwa maneno mengine, pini ya bunduki ilimalizia kazi iliyoachwa nusu mezani. Na kwa nini iliachwa nusu? Ama mbano, ama masizi, ama mkono uliodhani ukinzani wa kuta ndio sakafu. Kununua koleo jipya hakuondoi masizi.

Tusiishie kwenye risasi zinazogoma, kwa sababu kosa hilohilo lina sura ya pili iliyo mbaya kuliko ya kwanza. Fataki inayochomoza inaweza kulia kabla haijaamriwa. Bunduki nyingi za kijeshi, kama M1 Garand, SKS na jamii ya AR-15, zina pini isiyozuiwa na springi. Komeo likifunga kwa kasi, pini husonga mbele kwa mwendo wake na kuigusa fataki. Kwa kawaida mguso huo ni mwepesi. Jeshi la Marekani lilipokuwa likiipokea AR-15 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilionekana kwamba mguso huo haukuwa mwepesi vya kutosha, na pini ikapunguzwa uzito. Hata leo kampuni ya CCI hutengeneza fataki namba 34 na 41 kwa ajili ya bunduki za aina hiyo, zisizoitikia mguso mdogo. Tahadhari zote hizi zinachukulia kwamba fataki imezama mahali pake. Ikiwa inachomoza, komeo lenyewe linaweza kuibana, na risasi ikalipuka kabla komeo halijafunga sawasawa. Hapa kuna jibu kwa anayesema kwamba kutofautisha kosa la ganda na kosa la koleo ni mambo ya wapenda vifaa. Anayelaumu koleo akanunua lenye nguvu zaidi ataendelea kulisha maganda yaleyale.

Pingamizi la mwisho ni la viwanda. Kiwandani hakuna kiganja kinachohisi kitu, na bado risasi za kiwanda hugoma mara chache sana. Je, hii haioneshi kwamba mashine nzuri ndiyo suluhisho? Inaonesha kinyume chake. Kiwanda kinaanza na maganda mapya ya kipimo kimoja, yasiyo na masizi, yasiyo na mbano wa zamani, ambayo hayajawahi kutanuliwa na shinikizo. Kwa kuwa maganda hayatofautiani, mashine haihitaji kutofautisha. Mjazaji wa nyumbani ana maganda ya viwanda kumi, ya miaka tofauti, yaliyopita kwenye bunduki asizozijua. Mtu wa namna hiyo akiyapanga maganda yake kwa maandishi ya kitakoni, akayasafisha vishimo na kuondoa mbano, hali yake itaanza kufanana na ya kiwanda, na koleo lilelile alilotaka kulitupa litaanza kufanya kazi bila matata.

Kwa upande wa usalama maneno machache yanatosha, kwa kuwa watengenezaji wameyaandika kwenye kila boksi na tatizo ni kusoma. Fataki moja ikilipuka kwenye koleo ni mshtuko. Kisahani kizima kikilipuka pamoja nayo ni jicho au vidole. Ndiyo maana kampuni ya Lee ya Wisconsin iliwaonya wateja kwa miaka mingi wasitumie fataki za Federal katika visahani vya makoleo yake fulani, na ndiyo maana makampuni mengine yaliweka kizuizi cha chuma kati ya kisahani na mahali pa kupachikia. Miwani ya kazi ivaliwe kila mara. Fataki iliyokwama isilazimishwe. Na fataki inayochomoza kwenye risasi ambayo tayari ina baruti na kichwa isiguswe na koleo hata kidogo. Risasi hiyo inafunguliwa kwanza, baruti ikamwagwa, ndipo tatizo litafutwe. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna sharti linalotangulia yote haya. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, utengenezaji wa risasi unahitaji leseni, na asiyekuwa nayo hana ruhusa ya kujaribu hata ganda moja.

Kwa mwenye leseni au anayeishi mahali ambapo kazi hii inaruhusiwa, hukumu ya sura hii ni nyepesi kuitekeleza. Koleo linalokosea kwa ganda jipya lisilo na mbano, likiwa na kishikio sahihi na kisukumio safi, tena likakosea vilevile mara kwa mara, ni bovu na libadilishwe. Kama halijafikishwa kwenye jaribio hilo, libaki mezani, na ndoo ya maganda ndiyo imwagwe chini ichambuliwe moja baada ya jingine.